Mstari wa Mkunga

Siku kumi na mbili kabla ya Jumamosi ya kura, Tajiri, mama mwenye karakana ya ushonaji, aliingia humo akifuatwa na wachukuzi wenye marobota manne ya kitambaa cha fulana, wakayabwaga juu ya meza ya kukatia. Akapangusa mikono kama aliyeyabeba yeye, akasema, "Fulana mia saba. Ziwe tayari Alhamisi ya wiki ijayo."

Mafundi kumi na wawili wakainua vichwa. Kitambaa kilikuwa cha manjano ya kuumiza macho, na kila baada ya hatua moja kilichapwa uso wa mgombea aliyeitwa Mkandarasi, meno yote nje, na chini ya kidevu maneno mekundu: TUMJENGE ATUJENGE. Wote walitazama kitambaa, kisha, kama walioambizana, wakamgeukia Pindo.

Maana hakuna aliyekuwa hajui. Karakana nzima, na mtaa mzima, walijua kwamba Pindo ni mtu wa Mkunga, mpinzani wa Mkandarasi, tena kindakindaki.

Jina la Pindo alilipata kwa kazi yake. Pindo la nguo akilipiga yeye, huoni uzi ulipoingia wala ulipotokea. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa shingoni kwa uzi, na kwa miaka ishirini na sita ya kushona sare za shule hakuwahi kuwa na habari na siasa. Wanasiasa kwake walikuwa kama mvua ya upande wa pili wa mji: unaisikia, haikulowanishi.

Mpaka siku moja, saa ya chakula cha mchana, redio ya karakana ikiwa inaongea peke yake kama kawaida, mtangazaji akamuuliza mwanamke mmoja aliyekuwa akigombea kuteuliwa na chama awe mgombea urais: "Mama, wewe ulikuwa mkunga. Utawezaje kuamrisha jeshi?"

Yule mwanamke hakupandisha sauti. "Nimewahi kuwa katika chumba kimoja na mama na mtoto, wote wawili wanaelekea kufa," alisema. "Taa imezimika, dawa imekwisha, na aliyepaswa kunisaidia amekimbia. Wote wawili walitoka wazima. Hao majenerali wako, niletee mmoja aliyewahi kuwa katika chumba kama hicho."

Pindo aliacha kijiko hewani. Yeye mwenyewe aliwahi kulala katika chumba kama hicho, miaka thelathini nyuma, na mkunga aliyekuwepo, ambaye hakulijua hata jina lake, hakukimbia. Kesho yake alikwenda ofisi ya chama, akachukua kadi. Mumewe alipoiona mezani alidhani ni ya kliniki.

Wagombea walianza sita. Utaratibu wa chama ulikuwa wa wazi: wanachama wa kila tawi hukutana uwanjani, picha za wagombea zinainuliwa, na kila mtu anakwenda kusimama nyuma ya picha ya mtu wake. Watu wanahesabiwa vichwa, basi. Nchi ilikuwa imegawanywa kanda nne, Jumamosi nne, moja kila baada ya wiki mbili. Kanda ya kwanza, Mkandarasi aliwapiga wote. Wanne wakajitoa. Kanda ya pili, Mkunga akaibuka kidedea, na Pindo siku hiyo alicheza jikoni na ufagio. Kanda ya tatu, Mkandarasi akapita kwa tundu la sindano. Sasa ilibaki kanda yao, ya mwisho, na redio zote zilikuwa zikisema kwamba hapa ndipo mgombea wa chama atakapopatikana.

"Pindo," aliita mkata vitambaa, mwanamke mrefu mwenye maneno mengi ambaye wote walimwita Mkasi. "Hizi za kwako nikukatie Mkandarasi jicho moja moja?"

Karakana ikaangua kicheko. Hata Tajiri alitabasamu kidogo, akangoja kusikia jibu.

"Nikatie vizuri," alisema Pindo. "Nitazishona vizuri."

Na kweli alizishona. Siku tisa uso wa Mkandarasi ulipita chini ya sindano yake, mara kushoto, mara kulia, na hakuna fulana iliyotoka mikononi mwake ikiwa na bega lililopanda wala kwapa lililovuta. Mkasi alimwambia, "Mimi ningekuwa wewe ningewashonea shingo nyembamba, wakivaa waone nyota." Pindo akamjibu bila kusimamisha mguu: "Atakayevaa ni jirani yangu. Mkandarasi hatakuja kujaribu fulana mia saba."

Lakini moyoni alikuwa na hesabu yake. Kila fulana aliyoirusha kikapuni aliihesabu kama mtu mmoja aliyekwenda upande wa pili.

Nyumbani nako hakukuwa na pa kupumulia. Mumewe, fundi wa kuchomea mageti ambaye mtaa ulimwita Cheche, alikuwa mtu wa Mkandarasi, tena wa mstari wa mbele. "Mke wangu, nchi inataka barabara," alisema kila jioni akinawa masizi. "Mkunga atajenga nini?"

"Atakujengea adabu."

"Adabu haipitishi lori."

Mama yake Cheche, aliyekuwa akiishi nao tangu miguu ianze kumsumbua, alikaa kati yao akikodoa macho, maana masikio yake yalisikia nusu, na nusu nyingine alijazia mwenyewe. "Lori la nani limepita?" akauliza, na wote wawili wakacheka, ugomvi ukalala hapo.

Alhamisi jioni, fulana zikiwa zimekamilika na kufungwa, Pindo alikuta mgeni anamsubiri sebuleni. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee nadhifu mwenye tai hata siku za joto, ambaye ndiye aliyechaguliwa kuishika picha ya Mkunga Jumamosi. Picha yenyewe ilikuwa imeegemea ukuta, imefungwa kwa gazeti.

"Mwanangu," alisema mzee, haangalii juu, "nimekuja kukuomba kitu kigumu. Kijana wangu anafanya kazi kwenye kampuni ya Mkandarasi. Hakuna aliyenitisha. Ila jana alikuja, akakaa hapo mlangoni kwangu, akanyamaza saa nzima. Nimeelewa."

"Pole, mwalimu."

"Nitakuja kusimama. Lakini nyuma, nikifichwa na watu. Mbele sitaweza." Akatoa kitambaa, akajifuta uso. "Nimefikiria nani wa kumwachia. Kila nikifikiria nakuona wewe."

Pindo alitaka kusema kwamba yeye ni wa kushona tu, kwamba ulimi wake mzito mbele za watu, kwamba mtu wa upande wa pili atakayeinua picha ya Mkandarasi siku hiyo ni Tajiri, bibi anayempa kazi. Yote hayo yalimjaa kinywani. Kilichotoka ni, "Hiyo picha ina uzito gani?"

"Si nzito. Ila huruhusiwi kuishusha mpaka hesabu iishe."

Mzee alipoondoka, Cheche alitokea chumbani, maana alikuwa amesikia kila neno. Pindo akajiandaa kwa maneno. Cheche akaifungua ile picha, akaitazama fremu, akaigonga kwa kidole. "Hii mbao imeoza kona," alisema. "Ikikuangukia mbele za watu itakuwa aibu ya nyumba nzima. Lete hapa." Akaenda nayo uani, akairudisha ikiwa na vyuma vidogo kwenye kona zote nne na mshikio wa bomba lililosuguliwa mpaka likang'aa. Usiku ule hakusema lolote juu ya barabara.

Ijumaa asubuhi Tajiri alimwita kwenye chumba chake kidogo kilichojaa vibao vya nyuzi. Alikuwa mama mnene, mwenye sauti ya chini, na watu walimwogopa kwa sababu hiyo hiyo.

"Nimesikia ni wewe."

"Ni mimi, Tajiri."

"Kwa hiyo kesho utasimama mbele yangu."

"Nitasimama pembeni yako. Wamesema mistari inakwenda sambamba."

Tajiri akageukia vibao vyake vya nyuzi, uso mkavu. "Jumatatu saa mbili kamili," alisema. "Tuna sare za kushona." Na Pindo akatoka hajui kama amehakikishiwa kazi au ametishwa, na mchana kutwa alishona akirudia lile neno, Jumatatu, analigeuza huku na huku, haoni limekaa upande gani.

Jumamosi saa tatu asubuhi uwanja wa shule ya msingi ulikuwa umepigwa chokaa mistari miwili, hatua kumi kutoka mmoja hadi mwingine. Karani wa chama, kijana mwembamba aliyetumwa kutoka makao makuu, mwenye kofia iliyomzidi kichwa, alisoma kanuni kwa kipaza sauti kilichokuwa kikikohoa. Nusu saa ya kujipanga. Kipenga cha pili kikilia, hakuna kuhama wala kuongeza mtu. Hesabu ya waliosimama ndiyo hesabu.

Pindo aliinua picha. Upande wa kulia, Tajiri naye akainua yake. Kipenga cha kwanza kikalia.

Uwanja ukamwagika manjano. Watu walitoka kila kona, wanawake kwa wanaume, wamevaa zile fulana mia saba, na Pindo alizitambua moja moja kwa mishono yake: ile ya bega la mwokaji mikate, ile ya shingo pana ya mlinzi wa benki. Nyuma ya Tajiri mstari ulikua kama kitu kilichomwagiliwa maji. Ishirini. Arobaini. Cheche alikuwa humo, wa kumi na tano hivi, amevaa ya kwake. Sitini.

Nyuma ya Pindo hapakuwa na mtu.

Hakugeuka. Alijua kwa sababu hakusikia hatua wala pumzi nyuma yake, chokaa tupu na jua. Akakumbuka kila mtu aliyemwambia "tuko pamoja" dukani na njiani na kwenye bomba la maji, akajiuliza wako wapi, wamemezwa na ardhi? Kundi kubwa lilikuwa limesimama chini ya veranda ya madarasa, halijasogea popote, linatazama. Hapo ndipo alipoelewa: walikuwa wakingoja mtu wa kwanza. Kila mmoja alikuwa na bosi, mwenye nyumba, shemeji au mchumba katika mstari wa pili.

Kutoka mstari wa Mkandarasi mwanaume mmoja akapaza sauti, "Cheche! Mkeo anatia huruma pale. Si ukamwondoe, bwana, anakuaibisha."

Wachache wakacheka. Kisha Pindo akasikia sauti ya mumewe, ile sauti aliyozoea kuitumia juu ya kelele za mashine.

"Hebu mtazame alivyoshika ile picha. Umeona mkono umetikisika? Kasimama mwenyewe mbele ya uwanja mzima. Wewe hapo umekuja umeshikwa mkono na shemeji yako. Yule ni mke wangu, na ukisema tena nitakuchomea mdomo."

Safari hii walicheka wote, na yule bwana akanywea. Cheche hakutoka kwenye mstari wake. Pindo hakutaka atoke. Alisikia kitu kimemkaza uti wa mgongo, akaipandisha picha kidogo zaidi.

Wakati huo huo, kutoka getini, akaona kiti kinakuja. Kilikuwa kiti cha jikoni kwake, na nyuma yake, akikisukuma hatua kwa hatua kama kitoroli, mama mkwe wake. Hakumwambia mtu kwamba atakuja. Kadi ya chama, ya zamani mpaka rangi imekwisha, ilikuwa imebanwa kifuani kwa pini. Alivuka uwanja wote ule, watu mia kadhaa wakimtazama, akafika nyuma ya Pindo, akaweka kiti juu ya chokaa, akaketi na kushusha pumzi.

"Mama! Umekujaje?"

"Kwa miguu, mwanangu. Unaniuliza kama nina gari." Akatazama ng'ambo. "Mwanangu wa kiume yuko kule?"

"Yuko kule."

"Mwache. Baba yake naye alikuwa hivyo hivyo."

Basi, watu wakaanza kusogea. Wa pili, akitokea chini ya veranda, alikuwa Mkasi, anatembea kwa madaha, amevaa fulana ya manjano na uso wa Mkandarasi kifuani.

"Na hiyo fulana?" aliuliza Pindo.

"Nimeikata mwenyewe, umeishona mwenyewe, kitambaa kizuri," alisema Mkasi. "Nikaiache kwa nini? Kifua ni chake, miguu ni yangu."

Nyuma yake wakaja mafundi wengine watano, wakaja wauza mboga, wakaja akina mama wa kliniki, akaja mwokaji mikate, akaja mwalimu mkuu mstaafu na tai yake. Alipofika alipungukiwa na nafasi ya kujificha, akasimama wa thelathini, wazi kabisa, kidevu juu. Wengi wao walikuwa wa manjano. Mstari wa Mkunga ukawa na Wakandarasi wengi kifuani kuliko mstari wa Mkandarasi mwenyewe.

Kipenga cha pili kikalia. Karani akaja, akauangalia ule mstari, akakuna kichwa chini ya kofia.

"Sasa hawa," alisema, "wamevaa sare ya mgombea mwingine. Sina hakika kama naweza kuwahesabu hapa."

Pindo alifungua mdomo, neno likakataa kutoka. Kisha likatoka, na lilitoka kubwa: "Kanuni umeisoma mwenyewe! Umesema hesabu ni ya waliosimama. Hukusema nguo."

Karani akamgeukia Tajiri, akitafuta msaada. Tajiri alikuwa bado ameishika picha yake juu. Jasho lilimtiririka shingoni.

"Mtu anahesabiwa aliposimama," alisema kwa ile sauti yake ya chini. "Fulana nilitoa mimi. Sikutoa na miguu ya watu. Hesabu, kijana."

Karani akaenda kuanza hesabu, ya kugusa kila bega na kutaja namba kwa sauti. Wa kwanza alikuwa bibi, mama yake Cheche, na hapo hapo akasita. "Huyu ameketi. Kanuni inasema..."

"Anasema nini?" aliuliza bibi.

"Anasema lazima usimame, mama," Pindo alimwambia kwa sauti ya juu.

"Si angesema mapema." Bibi akashika mgongo wa kiti, akajivuta, goti moja, goti la pili, akasimama wima. Mkasi alitaka kumshika, bibi akampiga kofi mkononi. "Hesabu," alimwambia karani, na karani akamgusa bega kwa heshima kama anayegusa yai. "Moja."

Alibaki amesimama mpaka mstari wote ukaisha. Waliombembeleza akae, akawaambia atakaa akisikia jibu.

Mstari wa Mkandarasi: mia nne na sita. Mstari wa Mkunga: mia nne ishirini na tano.

Pindo alipoishusha picha ndipo akagundua mabega yake yamekufa ganzi. Watu walimkumbatia, wakamwinua na picha yake, miwani ikaning'inia sikio moja. Katikati ya zile kelele alimwona Cheche amebeba kiti cha jikoni kwa mkono mmoja na mkono wa pili amemshika mama yake, wanaelekea nyumbani polepole. Cheche akageuka, akamwinulia kidevu, akatabasamu. Mwanaume aliyeshindwa akitabasamu vile, Pindo alifikiri, mimi nimeolewa na mtu.

Jumapili alasiri redio ilitangaza jumla ya kanda zote. Pindo alikuwa akiosha vyombo. Mkandarasi alikuwa ameshinda nchi nzima, kwa tofauti ya watu elfu moja na mia nane.

Alifunga bomba. Alisimama palepale, mikono ndani ya maji, na machozi yakaja yenyewe. Nje honi zilianza kulia. Cheche aliingia jikoni, akasimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono.

"Nenda ukashangilie, baba watoto," alisema Pindo bila kugeuka. "Mtu wako ameshinda."

"Nitashangilia kesho." Akavuta kitambaa, akaanza kukausha sahani.

Kisha Mkunga akaongea redioni. Sauti haikupanda, kama siku ile ya kwanza. Alimpongeza mshindani wake, akasema hatapinga hesabu kwa sababu ilifanyika mchana na kila mtu ameiona. Halafu akasema: "Najua kuna uwanja ambao picha yangu ilishikwa na mtu mmoja, na nyuma yake hapakuwa na mtu, na hakuishusha. Vilikuwa vingi viwanja kama hivyo. Sitawajua nyote kwa majina. Mimi nimekwisha kupokea watoto wengi, najua mtu anavyoonekana anapofanya jambo gumu huku anaogopa. Nawashukuru."

Cheche aliacha kukausha. "Anakusema wewe," alinong'ona.

"Anawasema wengi."

"Anakusema wewe," Cheche alirudia, na aliposema hivyo macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mkewe.

Kutoka sebuleni bibi aliuliza kwa sauti, "Nani kashinda?"

"Mkandarasi, mama!"

"Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu tulishinda sisi."

"Basi nipikieni chai," alisema bibi.

Jumatatu saa mbili kasoro dakika kumi Pindo alifika karakana. Njiani watu watatu walimwita "kiongozi", na mmoja, mlinzi wa benki, alimpigia saluti kabisa. Lakini alipokaa kwenye cherehani yake roho ilikuwa mkononi. Mafundi waliinamia cherehani zao. Tajiri alitoka chumbani kwake na karatasi, akaja moja kwa moja, akasimama mbele yake.

"Ulinipiga kwa watu kumi na tisa," alisema.

"Ndiyo, Tajiri."

"Na fulana zangu."

"Na fulana zako."

Mkasi alikohoa kuficha kicheko. Tajiri akaweka karatasi juu ya meza ya cherehani. "Chama kimeniagiza niunde kamati ya kampeni ya tawi. Watu watano. Nataka mtu ambaye watu wakimwona amesimama, wanakwenda kusimama nyuma yake. Nimekuandika wa pili, baada yangu."

Pindo aliichukua karatasi, akaisoma taratibu. Moyo ulimwenda mbio, ila kichwa kilikuwa kimetulia kuliko alivyotarajia.

"Nitafanya," alisema. "Lakini nina masharti. Mkunga aliahidi kliniki ya wazazi yenye taa yake yenyewe katika kila kata. Mkandarasi anajenga, si ndiyo? Na hilo aliloahidi mwenzake alijenge. Liandikwe kwenye barua ya tawi, lipelekwe kwake, na mimi nikisimama jukwaani nitalisema. Akikataa, sitasimama."

"Unanipangia?"

"Nakuomba, Tajiri. Na jina langu usiliandike hivi tu. Andika, mtu wa Mkunga."

"Sasa hilo nitaliandikaje kwenye karatasi ya chama?"

"Kwa kalamu."

Karakana nzima ikapasuka, na Tajiri, aliyekuwa hacheki ovyo, akacheka mpaka akashika meza. Alipomaliza alijifuta macho, akachomoa kalamu kwenye nywele zake, akainama juu ya cherehani ya Pindo, akaandika. Pindo akavaa miwani vizuri, akamsimamia herufi kwa herufi mpaka mwisho, kisha akainuka amwonyeshe Mkasi.